Mgombea wangu anajaza viwanja, je, nimekula mbuzi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kijiweni kwetu Mbagala Rangi Tatu kuna ubishi hauishi. Nina mgombea wangu wa urais, chama chake kidogo, hela hana, lakini mikutano yake inafurika mpaka watu wanapanda miti. Muuza kahawa anasema mtu wa namna hiyo hashindi hata iweje. Tumewekeana dau la mbuzi. Je, njia ya kushinda anayo? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Ungeniuliza kabla ya kumtaja mbuzi.

Hao wa kwenye miti waache kwanza. Mwaka 1995 nilikwenda Jangwani kumsikiliza Augustino Mrema. Niliingia na kandambili mbili, nikatoka na moja. Enzi zile watu walikuwa wakilisukuma gari lake kwa mikono, na mimi, mwalimu wa hesabu mzima, nikarudi Temeke nikimwambia mke wangu kwamba mambo yamekwisha. Matokeo yakatoka: Mkapa asilimia 61.8, Mrema 27.8. Aliyekanyagwa Jangwani ana kura moja tu, sawasawa na bibi wa Namtumbo ambaye hajawahi kuhudhuria mkutano wowote. Tena wengine ni walewale: Jumamosi wako Jangwani, Jumapili utawakuta Mwembe Yanga.

Uliza kwanza mshindi anapatikanaje. Kwetu, tangu Katiba ilipobadilishwa mwaka 2000, anayewazidi wenzake ndiye rais, hata asipofika nusu. Duru ya pili hakuna. Kwa hiyo wadogo wakitaka kuunganisha nguvu, wakubaliane kabla karatasi hazijachapwa, maana baada ya hapo kila mmoja anakatwa kivyake.

Majirani zetu wa Malawi wametufundisha hesabu hiyo. Mwaka 2019 Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57. Chakwera alikuwa na 35.41, Chilima 20.24. Chukua kalamu ujumlishe hao wawili wa mwisho: 55.65. Februari 2020 mahakama ikaufuta uchaguzi ule, ikasema na mshindi sharti avuke nusu. Chilima akakubali kuwa mgombea mwenza wa Chakwera, na Juni mwaka huohuo wakashinda kwa zaidi ya asilimia 58. (Mutharika naye akarudi madarakani mwaka 2025. Siasa haina kuaga.)

Lakini anayefanana zaidi na mtu wako ni Hakainde Hichilema wa Zambia. Aligombea mara tano akaanguka mara tano, mpaka wakamchoka hata waliompenda. Mwaka 2015 alikosa kwa kura zisizofika 28,000, mwaka 2016 kwa takribani 100,000. Sasa, huyu kwao Kusini alikuwa akipata kura za kumwaga tangu zamani. Kuongeza nyingine kulekule kusingemfikisha popote, kwani shimo lake lilikuwa Lusaka na Copperbelt, mikoa yenye watu wengi ambayo mpinzani wake, Rais Edgar Lungu, aliichukua mwaka 2016. Mwaka 2021 maisha yalikuwa magumu, nchi imeshindwa kulipa deni la nje, vijana wakapanga foleni. Lusaka ikageuka, Copperbelt ikageuka, naye akapata kura milioni 2.8 dhidi ya milioni 1.8 za Lungu. Mtu wako anaposhangiliwa, basi, tazama anashangiliwa wapi. Kama ni kwao tu, huyo anavuna shamba alilokwisha kulivuna.

Limebaki jambo ambalo vijiweni halizungumzwi kwa sababu halina utamu: mawakala, yaani watu wa chama wanaolinda kura vituoni. Mwaka 1995 nilikuwa wakala kituoni hapa Temeke. Vifaa vilichelewa, watu wakakaa juani toka alfajiri, mwishowe uchaguzi wa Dar ukafutwa na kurudiwa Novemba 19. Siku ile nilishinda na andazi moja na chai ya kuazima, na chama kilichonituma hakikukumbuka hata nauli. Wenzangu wawili wa vituo vya jirani walikuwa wameshaondoka zamani. Siwalaumu, njaa ilikuwa kali.

Mwaka 2015 nchi ilikuwa na vituo zaidi ya 60,000. Mpe kila wakala shilingi 10,000 tu ya chakula na nauli: milioni 600 zimekwenda kwa siku moja, na bango hujachapa hata moja. Wakala akiondoka kabla ya kura kuhesabiwa, nakala ya fomu ya matokeo ya kituo chama hakina. Ule uchaguzi wa Malawi ulivunjwa mahakamani kwa fomu, zilizofutwafutwa kwa wino mweupe. Kwetu ni pagumu zaidi: Katiba hairuhusu mahakama kuhoji matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume. Unachokosa kituoni usiku ule, hukipati tena.

Kwa hiyo njia mtu wako anaweza kuwa nayo, ila si hiyo uliyoiona wewe juu ya miti. Kesho nenda ofisi ya chama chake hapo Mbagala, uulize jina la wakala wa kituo unachopigia kura. Wakikutajia bila kufungua daftari, mbuzi wako ana uhai. Wakianza kutazamana, mwendee muuza kahawa mapema, umwombe mbuzi ageuke kuku.