Vibonge vya protini: osha kwanza, urea baadaye

Protini ya kigeni ikizalishwa kwa kasi ndani ya bakteria *E. coli*, mara nyingi haiwahi kujikunja sawasawa. Hugandamana ikawa vibonge. Si hasara. Vibonge ni vizito, hushuka vyenyewe kwenye sentrifuji, na sehemu kubwa yake ni protini unayoitaka. Kinachoharibu kazi ni kukimbilia urea, inayoviyeyusha, kabla ya kuosha.

Anza kwa kupasua seli zote, maana zilizobaki nzima hushuka pamoja na vibonge. Tia lisozimu, kimeng'enya kinacholainisha ukuta wa seli, kisha tumia soniketa, kifaa kinachopasua kwa mawimbi ya sauti, kwa vipindi vifupi, chombo kikiwa kwenye barafu. Mchanganyiko ukivutika kama mlenda, hiyo ni DNA: ongeza DNase, kimeng'enya kinachoikata, na magnesi milimoli 5 kwa lita. EDTA, kemikali inayonasa metali, isubiri, kwa kuwa hukinyang'anya kimeng'enya hicho magnesi yake.

Zungusha kwa g 15,000, dakika 20, nyuzi 4. Osha mashapo mara mbili kwa bafa (mmumunyo unaotunza pH) ya Tris ya pH 8 yenye sabuni ya Triton X-100 asilimia 1, chumvi moli 0.5 na EDTA milimoli 1 kwa lita. Usifanye haraka hapa. Vuruga mashapo mpaka yawe uji mwepesi usio na donge hata moja. Sabuni haipenyi ndani ya donge. Mashapo masafi ni meupe kama chokaa. Utando laini wa kahawia juu yake ni mabaki ya seli. Osha mara ya tatu bila Triton.

Urea ya moli 8 ni gramu 480 kwa lita. Anza na maji nusu lita tu, kwani urea yenyewe hujaza nafasi, na chupa itakuwa baridi mkononi. Itengeneze siku hiyohiyo na usiichemshe: hutoa sianati, ambayo hujibandika kwenye protini. Ongeza DTT milimoli 10, inayofungua vifungo vya salfa kwenye protini, koroga saa moja au mbili, kisha zungusha tena. Pakibaki mashapo mengi, jaribu guanidini ya moli 6, ila usiipeleke moja kwa moja kwenye jeli ya kuchunguzia protini, maana huganda ikikutana na SDS, sabuni iliyomo humo.

Kabla ya kupitisha protini kwenye safu ya nikeli, inayoinasa ili kuisafisha, ondoa EDTA, inayong'oa nikeli, na DTT, inayoigeuza kahawia.

Kukunja upya, dondosha protini polepole kwenye bafa baridi yenye arjinini moli 0.4, inayopunguza mgando, ukikoroga, isizidi miligramu 0.05 kwa mililita. Ukungu ukianza kuonekana, simama hapo. Kuendelea kudondosha kunazidisha mgando tu.