Sabuni za mwani kwenda Ujerumani: uzifunge kwa kitu gani?

Waalaykum salaam, dada wa Paje. Umeuliza sabuni zako uzifunge kwa kitu gani, maana mteja wa Ujerumani amekutajia sheria inayombebesha mzalishaji gharama za taka za vifungashio.

Kabla ya maboksi, jua nani anahesabiwa mzalishaji. Duka la kule likiagiza mzigo na kuupokea forodhani kwa jina lake, wajibu ni wake. Ukimpelekea mtumiaji mwenyewe kwa posta, wajibu ni wako: unajisajili kwenye LUCID, daftari la Ujerumani la wazalishaji wa vifungashio, bila malipo, kisha unaingia mkataba na mfumo wa ukusanyaji taka na kulipa kwa uzito na aina ya kifungashio. Udogo wa biashara haukuokoi, hata ukipeleka pakiti chache tu.

Kwa hiyo punguza uzito, na usichanganye vitu. Mkanda wa karatasi ngumu kuzunguka sabuni unatosha kabisa. Karatasi ya kaki iliyopakwa plastiki ndani iepuke. Inavutia macho, lakini ni taabu kuirejeleza, na nasikitika wenzetu wengi wanauziwa kama kitu cha asili. Sabuni ikauke wiki 4 mpaka 6 kabla hujaifunga, khasa masika, ama sivyo itatoa jasho na karatasi italowa.

Kanuni mpya ya vifungashio ya Umoja wa Ulaya inaanza kutumika tarehe 12 Agosti 2026. Basi mwambie mteja akuandikie nani analipa, kabla hujachapisha lebo.