Stata Inazunguka kwa Unyonge Baada ya Injini Kufunguliwa

SWALI: Assalaamu alaykum, fundi. Nina lori la Isuzu la zamani, la dizeli, volti 24, ambalo hubeba magunia ya karafuu na mikungu ya ndizi kutoka Wete hadi bandari ya Mkoani. Mwezi uliopita injini ilishushwa ikabadilishwa ringi na beringi. Tangu irejeshwe, stata huizungusha kwa unyonge mno, ilhali zamani ilikuwa ikiwaka mara moja. Betri zote mbili ni mpya. Nimeshauriwa niagize stata kutoka Unguja. Jambo jengine ni kwamba nikijaribu kuwasha mara mbili tatu, waya wa akselereta huwa wa moto. Je, ninunue stata? Dereva, Wete.

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Usiagize stata bado. Huo moto wa waya wa akselereta, ulioutaja mwisho kana kwamba ni jambo dogo, ndio ulionionyesha pa kuanzia.

Umeme unaotoka betri kwenda stata ni lazima urudi betri. Stata imefungwa kwenye mwili wa injini, na injini imekalia raba, kwa hiyo umeme hurudi kwa kupitia waya mnene wa athi unaounganisha injini na chesisi. Waya huo hufunguliwa injini inaposhushwa, na mara nyingi husahauliwa, au hufungwa juu ya rangi mpya au kutu, jambo ambalo kwetu sisi tunaoishi na hewa ya chumvi halikawii kutokea. Hapo umeme hujitafutia njia nyingine, na waya wa akselereta ni mojawapo. Stata ya lori hula mamia ya ampea. Waya mwembamba kama huo hauwezi kuyabeba, hivyo unapata moto na stata inakosa nguvu. Tafadhali usiendelee kuwasha katika hali hiyo, kwani waya unaweza kuunguza vilivyo karibu nao.

Ingia chini ya lori uutafute waya huo. Ukiuona, fungua vichwa vyake vyote viwili, piga msasa mpaka chuma king'are, kisha ufunge kwa nguvu. Ukitaka uhakika kabla ya hapo, chukua waya mnene wa kuazimia umeme, shika ncha moja kwenye kile kichwa cha hasi cha betri kilichofungwa kwenye chesisi na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha washa: stata ikizunguka kwa kasi, ugonjwa umeujua.

Mwenye mita apime pia. Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, mafuta yazuiwe ili injini isiwake, na mtu mwengine azungushe stata kwa sekunde chache tu. Baina ya kichwa cha hasi na mwili wa injini mita isizidi takriban nusu volti. Ikisoma volti mbili au tatu, umeme unapotelea upande wa athi. Pima vivyo hivyo baina ya kichwa cha chanya kinachopeleka umeme kwenye stata na bolti kubwa ya stata. Halafu pima kila betri peke yake stata ikizunguka, kwani hata betri mpya huweza kuwa mbovu, na moja ikishuka chini ya volti 9.6 huidhoofisha na mwenzake.

Vipimo vyote vikiwa sawa, ndipo tuishuku injini. Ringi mpya huongeza uzito kidogo, lakini ukizitoa nozeli, yaani vinyunyizio vya dizeli, na kuizungusha injini kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele, inapaswa kwenda kwa ulaini mzunguko mzima. Ikikwama mahali pamoja, au pakitoka maji kwenye tundu la nozeli, usiilazimishe hata kidogo. Mrudishie fundi aliyeifunga, aifungue mbele yako.