Pea 12 za soksi

Juzi msomaji mmoja aliniandikia usiku wa manane. Wamelipia tiketi za bustani ya burudani miezi mitatu iliyopita, watoto wanafuta siku kwenye kalenda ya ukutani, na sasa utabiri unaonyesha mvua kutwa nzima na baridi ya nyuzi 12. Akauliza, "Dada, tuahirishe?"

Nikamjibu neno moja: nendeni. Kisha nikakaa nikajiona nimemdhulumu, maana mwaka jana na mimi nilikwenda hivyohivyo, kwa moyo mkunjufu na jinzi, na yaliyonikuta mpaka leo nikiyakumbuka nasikia aibu masikioni. Kwa hiyo jibu refu ni hili hapa. Ni la kila mama anayetaka watoto wake wafurahi na picha zitoke vizuri, na sioni haya kusema tunazitaka picha.

Mwaka jana tulikuwa sita: mimi, mume wangu, watoto watatu, na wifi yangu aliyejialika dakika ya mwisho. Utabiri ulisema nyuzi 14, uwezekano wa mvua asilimia 60. Wifi akaniuliza kama nimeuona. Nikamjibu kwa majigambo kwamba asilimia 60 ya kunyesha maana yake asilimia 40 haitanyesha, na sisi tumo kwenye hizo 40. Niliyasema mbele ya watu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na wifi hakulisahau.

Watoto niliwavika jinzi, fulana za pamba, sweta nyembamba na raba za kitambaa nyeupe, mpya, zinazofanana. Mwavuli mmoja kwa watu sita. Nilibeba mafuta ya kukinga jua.

Tulipoingia saa nne asubuhi mvua ilikuwa bado, mawingu tu. Kila mahali foleni, isipokuwa mchezo mmoja: ule wa kupanda kwenye gogo, mnapandishwa taratibu hadi kileleni kisha mnaporomoshwa kwenye bwawa. Pale palikuwa patupu. Nikajiona mjanja, nikawaambia tuanzie hapa kabla watu hawajashtuka. Watu walikwisha kushtuka zamani! Palikuwa patupu kwa sababu hakuna mwenye akili anayejilowesha asubuhi ya nyuzi 14. Sisi tulitoka tunacheka, tumelowa hadi viunoni, na saa 10 za siku nzima zilikuwa mbele yetu.

Robo saa baadaye mvua ikaanza.

Sitawachosha na foleni zilizofuata. Itoshe kusema tulisimama dakika 45 kwenye foleni ya rola kosta, ile treni ya kasi inayopanda na kuporomoka kwenye reli za juu, tukabakiza watu kama 20 hivi, ngurumo ikasikika kwa mbali na mchezo ukafungwa. Nikaenda kugombana na kijana wa watu aliyevaa koti la njano, eti mbona hiyo radi iko mbali. Leo ningemwomba radhi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, yaani ukiona mmweko, kila sekunde tatu unazohesabu kabla ya ngurumo ni takriban kilomita moja. Ukihesabu 30 ina maana radi iko kilomita kama 10, na umbali huo bado si salama kwa mtu aliye juu ya chuma kirefu kuliko miti yote iliyo karibu. Ushauri wa kawaida ni kusubiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho, na ikinguruma tena mnaanza kuhesabu upya. Kijana alikuwa sahihi na mimi ndiye niliyepiga kelele.

Kilichoniumiza hasa ni kitinda mimba wangu. Ana miaka minne. Alilia kwanza, nikamwambia ajikaze. Kisha akanyamaza, nami nikashukuru. Nikadhani amezoea. Mume wangu ndiye aliyemshika mkono akaniambia, "Huyu mtoto anatetemeka mpaka meno yanagongana, na midomo imebadilika rangi." Mama yake nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, natafuta kwenye ramani ilipo meza ya kupigia picha na vikaragosi.

Mtoto mdogo hupoteza joto haraka kuliko sisi, kwa kuwa ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na ukubwa wa mwili wake. Na maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Ndiyo maana nyuzi 14 za mtu mkavu na nyuzi 14 za mtu aliyelowa ni hali mbili zisizofanana hata kidogo. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hiyo si baridi tena, ni ugonjwa wa kukimbiziwa hospitali. Hatukufika huko. Tulimvua zile nguo chooni, baba yake akamfunga ndani ya shati lake mwenyewe, tukatoka. Saa saba mchana. Tiketi hazikurudishwa, na zilikuwa zimeandikwa hivyo nyuma, kwa maandishi ambayo sikuyasoma.

Tukiwa njiani wifi akatuma picha kwenye kundi la ukoo. Mimi nimeshika mwavuli uliopinduka, mtoto analia, raba zile nyeupe zimekuwa rangi ya udongo. Chini akaandika: "Walio kwenye asilimia 40." Shangazi wawili wakacheka. Mama mkwe akapiga simu kuuliza kama wajukuu wake wanakula.

Basi nikaapa.

Mwezi uliopita tulirudi. Nyuzi 11, mvua tangu saa tatu asubuhi, na tukakaa hadi taa zilipowashwa usiku. Wifi hakualikwa. Nilipokuwa napanga mizigo mume wangu alihesabu soksi akacheka: pea 12 za akiba kwa watu watano. Tatu kwa kila mtoto, moja moja kwa sisi wakubwa, na moja ambayo sikuwa na maelezo nayo. Alicheka hadi saa sita mchana, alipoketi kwenye benchi na kuvua raba zake, akanyoosha mkono bila kusema neno. Nikampa.

Ukisoma hadi hapa ukachoka, chukua hilo la soksi uende zako. Mtoto huvumilia nywele zilizolowa, huvumilia mikono ya baridi akipewa kitu cha moto kushika, lakini miguu ikishalowa siku imekwisha. Soksi ziwe za sufu au za nyuzi za viwandani, si za pamba. Pamba hunywa maji na kuyashikilia, ikakugandisha. Sufu hata ikilowa bado hubakiza joto. Na jinzi ni pamba, jamani. Jinzi iliyolowa ni nzito, haikauki, na inachubua mapaja ya mtoto akitembea. Nilimwona mama mmoja siku hiyo ana watoto wanne, wote jinzi. Nilitamani kumkumbatia. Sikumwambia kitu, na ninajuta.

Ndani, nguo nyepesi inayobana mwili na isiyonyonya maji. Katikati, sweta ya sufu au ile ya manyoyamanyoya. Juu, koti. Tabaka tatu, ili mkiingia jengo lenye joto mvue moja kabla mtoto hajatoka jasho, maana jasho nalo ni maji. Koti lisome lebo yake. Lipo linalostahimili manyunyu na lipo lisilopitisha maji kabisa, na dukani yananing'inia pamoja kama ndugu. Geuza upande wa ndani, tazama mishono: kama imebandikwa utepe, hilo ndilo. Ukilifua usitie dawa ya kulainisha nguo, huua ule uwezo wake wa kuyateremsha maji. Langu la kwanza nililiua hivyo, kwa upendo.

Mwavuli uacheni nyumbani. Kwenye foleni unachoma watu macho, upepo ukija unageuka bakuli, na kwenye mchezo hauingii nao. Poncho, lile vazi pana la mvua la kuvalia kichwani lisilo na mikono, ni bora, ila nunueni kabla ya kwenda, na iwe pana kiasi cha kufunika na begi mgongoni. Baadhi ya michezo watakuambia uivue kabla ya kufungwa mkanda kwa sababu inapepea, kwa hiyo koti lililo chini yake lisiwe la mapambo. Poncho hiyohiyo mnaitandika kwenye benchi lililolowa mkakalia.

Kofia ya koti inaziba masikio na macho ya mtoto mdogo. Mvike kofia ndogo yenye ukingo kwanza, kisha ya koti juu yake. Kigari cha mtoto kifunikwe kwa kifuniko chake chenye matundu ya hewa. Msifunge na mfuko wa takataka kama nilivyoona mtu kafanya, mtoto ndani anahitaji kupumua.

Na kwenye rola kosta mvua inauma. Tone kubwa linaanguka kwa kasi kama kilomita 30 kwa saa, wewe unalifuata kwa 80 au 90. Ni kama kurushiwa mchanga usoni. Kifungua mimba wangu anasema ndiyo raha yenyewe, ana miaka 12, mwacheni. Baridi ikizidi au upepo ukiwa mkali nyingine hazifunguliwi kabisa: grisi inakuwa nzito, magurudumu yanakuwa magumu, treni inaweza kukosa kasi ya kumaliza mzunguko. Mwambieni mtoto hilo mapema, mkiwa bado nyumbani. Akilijulia getini ni kilio.

Sisi safari hii tulianza na michezo ya nje asubuhi mvua ikiwa bado nyepesi, tukahifadhi ya ndani kwa mchana, kinyume cha watu wengi. Mvua ilipokaza kila mtu alikimbilia ndani, foleni zikafurika huko, nasi tulikuwa tumekaa mahali pakavu tunakula na kubadili soksi. Saa nane familia nyingi zikaanza kuondoka. Niliwatazama wakipita na watoto wanaolia mabegani nikawaona ni mimi wa mwaka jana. Kuanzia hapo hatukusimama foleni zaidi ya dakika 10. Mtoto wa kati alipanda mchezo mmoja mara saba. Mara saba! Siku ya jua angepanda mara moja na kushukuru.

Kama bado hamjachagua pa kwenda, angalieni paa kabla ya kuangalia michezo. Waliojenga bustani kubwa za nchi zenye mvua walilifikiria hili. Tokyo Disneyland, iliyofunguliwa mwaka 1983, barabara yake ya kuingilia yenye maduka imefunikwa paa la kioo. Ile ya Paris, ya mwaka 1992, ina njia mbili zilizofunikwa nyuma ya maduka, unatembea urefu wote wa barabara kuu bila kulowa. Na Lotte World ya Seoul sehemu yake kubwa iko ndani ya jengo. Huko kote sijafika, natamani tu, lakini ramani nazisoma kama riwaya. Ramani ya bustani yenu nayo isomeni hivyo: wapi pana paa, wapi pana vyoo vyenye nafasi ya kubadilishia nguo, wapi pana makabati ya kuhifadhia mizigo. Nguo kavu zikae kabatini, kwenye mifuko ya plastiki, kila mtoto na mfuko wake wenye jina. Mfuko ukishatoa nguo kavu unapokea zilizolowa.

Simu pia. Baridi hupunguza nguvu ya betri, inaweza kuzima ikiwa bado inaonyesha chaji, na tiketi zenu zimo humo. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Bebeni pawabenki. Na chupa ya chai iliyojaa kitu cha moto, hata maji matupu.

Na jambo ambalo halinunuliwi. Mwaka jana mtoto wangu alinyamaza nami nikafurahi. Safari hii kila nusu saa niliwashika mikono na kuingiza kidole ndani ya kola, shingoni, kuona kama pana joto. Kifungua mimba aliona aibu mbele ya watu. Aone. Wazazi tunapenda kusema "jikaze" kwa sababu tumelipa, na mtoto anajikaza kwa sababu anatupenda. Mama mwenzangu, ukisikia neno hilo linakutoka mdomoni, tafuta paa. Tiketi imekwisha lipwa na hairudi, mkae au muondoke.

Mume wangu anasema nimeanza kuhubiri, nimsikilize kidogo.

Swali la dada yetu lilikuwa kama waahirishe. Hapana. Utabiri ukisema radi kutwa nzima, hapo ndiyo, kwa sababu mtalipia kutazama michezo iliyofungwa. Mvua na baridi pekee, nendeni. Soksi usihesabu kwa vichwa, hesabu kwa saa.

Picha ya mwezi uliopita niliituma kwenye kundi la ukoo usiku uleule: watoto watatu ndani ya poncho za njano, taa nyuma yao, lami inang'aa kwa maji, wote wanacheka. Sikuandika neno chini yake. Shangazi walituma mioyo. Wifi alikaa kimya siku mbili, kisha akaniandikia pembeni, si kwenye kundi: "Hizo poncho za watoto mlinunua wapi?"

Nimeisoma. Bado sijamjibu.