Maswali ya Wasomaji: Tochi ya Kambini na ya Nyumbani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Mwanga, mjini Kigoma. Mwezi ujao natarajia kwenda na familia yangu Gombe, ambako tutalala kwenye mahema, na ningependa tochi nitakayonunua itufae pia nyumbani umeme unapokatika. Dukani nimeonyeshwa moja iliyoandikwa lumeni 10,000, na nyingine ndogo ya lumeni 400 ambayo bei yake iko juu zaidi. Je, muuzaji ananidanganya?

JIBU: Ndugu msomaji, huenda muuzaji hana kosa, kwa kuwa yeye husoma kilichoandikwa kwenye boksi. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa, na tochi ndogo ya bei nafuu haiwezi kutoa lumeni 10,000. Hata zile za gharama kubwa zinazofikia kiwango hicho hupata joto kali na kulazimika kupunguza mwanga baada ya muda mfupi. Kutembea usiku kutoka hemani hadi chooni kunahitaji lumeni 50 hadi 100, na ndani ya hema hata 10 zinatosha. Kwa hiyo hiyo ya 400 inakufaa, mradi iwe na viwango kadhaa vya mwanga na kile cha chini kiwe hafifu kweli, kwa sababu ndicho mtakachokitumia zaidi.

Mimi ningechunguza betri kabla ya mwanga. Betri ndogo za AA zinapatikana karibu kila duka, lakini zile za alkali zikisahaulika ndani ya tochi huvuja na kuozesha vyuma vinavyopitisha umeme. Betri ya lithiamu ya kuchaji, hasa ile iitwayo 18650 kwa sababu ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, hudumu miaka kadhaa ikitunzwa. Hapa pia soma kwa tahadhari: betri nzuri za ukubwa huo huwa na takriban mAh 3,500 (kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba), hivyo ukiona imeandikwa 9,900, irudishe mezani na utoke dukani. Chagua tochi ambayo betri yake inatoka, ili ikichoka ubadilishe betri peke yake.

Maelezo ya umbali nayo yana siri yake. Watengenezaji wanaofuata kanuni ya upimaji iitwayo FL 1 huhesabu umbali hadi pale mwanga unapobaki sawa na wa mbalamwezi, kwa hiyo ikiandikwa mita 200, usitarajie kumtambua mtu aliyesimama huko.

Kwa kuwa Gombe hufikiwa kwa boti, kinga dhidi ya maji si anasa. Alama ya IPX4 maana yake tochi inahimili maji ya kurushiwa. IPX7 inahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. Ifunge kamba ya mkononi hata hivyo, maana Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470 na halina desturi ya kurudisha vitu. Nyumbani, pendelea inayoweza kusimama wima kwa kitako chake: ukiielekeza kwenye dari jeupe, chumba kizima hupata mwanga.

SWALI: Tochi yangu kubwa ya kuchaji kwenye soketi ilianza kuzimika mapema baada ya miezi michache tu, ilhali naitumia mara chache. Kwa nini? Msomaji wa Ujiji.

JIBU: Nyingi za aina hiyo hutumia betri ya risasi na asidi, jamaa ya ile ya gari, ambayo huharibika ikiachwa bila chaji. Kutoitumia ndiko kunakoiua. Ichaji mara tu baada ya kuitumia, na hata ikikaa kabatini irudishie chaji kila baada ya miezi miwili au mitatu. Iliyokwisha kuharibika kwa njia hiyo kwa kawaida haifufuki. Uliza fundi kama betri ya kipimo hicho inapatikana, kwani huenda taa yenyewe bado ni nzima.