Kabla hujachezesha hiyo klipu ya katuni

Juma lililopita nilikaa viti vya nyuma nikasikiliza vijana watatu wakitoa mada za sayansi, na kila mmoja alikuja na klipu yake ya katuni. Wa kwanza aliifungua moja kwa moja kwenye intaneti, likatangulia tangazo la biashara. Wa pili picha ilitokea ukutani, sauti ikabaki kwenye kompyuta. Klipu ya wa tatu ilicheza bila shida yoyote, lakini ni yeye aliyenikosesha usingizi. Wanafunzi walicheka, akatabasamu, akasogeza slaidi. Wadogo zangu, kosa hilo nalijua kwa ndani, ndiyo maana naandika.

1. Pakua faili mapema, kata sekunde unazozihitaji tu, ziweke ndani ya slaidi, uzijaribu kwa projekta na spika za ukumbi ule ule. Hili nisilirudie tena.

2. Tanguliza swali, katuni ifuate.

Nilipoanza kazi hii nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari kuhusu vitu vinavyoanguka. Siku tatu nzima nilitafuta kitu cha kuwachangamsha, nikaangukia ile mnayoijua nyote: mnyama anamkimbiza mwenzake, anapitiliza ukingo wa genge, miguu inaendelea kukimbia hewani, anasimama, anatazama chini, anatugeukia sisi, ndipo anaporomoka. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Nikasema, "Bila shaka mambo hayaendi hivyo," nikaingia kwenye milinganyo. Nilitoka jukwaani moyo umejaa furaha.

Msichana mmoja akanifuata na daftari mkononi. Akauliza kwa adabu: "Mwalimu, jiwe likirushwa kutoka juu ya genge, linakaa hewani muda gani kabla halijaanza kuanguka?" Nilidhani nimesikia vibaya. Akafungua daftari. Alikuwa amechora mstari ulionyooka kutoka ukingoni, sambamba na ardhi, halafu kona ya mraba, halafu mstari wima hadi chini. Kwenye kona alikandamiza nukta nzito ya wino, na pembeni yake aliandika "nguvu imeisha". Chini ya mchoro huo alikuwa amenakili mlinganyo wangu bila kukosea hata herufi moja.

Nikamjibu, "Hapana, huanza kuanguka papo hapo," huku natazama saa, maana mwenye funguo za ukumbi alikuwa amesimama mlangoni. Akasema asante, akafunga daftari. Hakuwa ameelewa, nami niliona kwamba hakuelewa, nikaondoka. Mtoto yule alinisikiliza kuliko wote mle ndani, na alichobeba kwenda nacho nyumbani ni ile picha niliyoichagua mimi.

Baadaye ndipo nilipotulia na kuelewa. Wazo la kwamba kitu kilichorushwa husonga mpaka nguvu yake iishe, kisha kigeuke chini, halikuanza na katuni. Albert wa Saxony, mwanazuoni wa karne ya 14, alieleza mwendo unaokaribiana sana na mchoro wa msichana yule. Ilikuwa mwaka 1638 Galileo alipochapisha hoja kwamba kwenda mbele na kushuka huendelea pamoja tangu kitu kinapoachana na ukingo, na njia yake ni parabola, yaani mkunjo kama upinde. Mwanafunzi anaingia ukumbini na wazo hilo la kale tayari kichwani. Ukimchezeshea katuni, unalipatia wazo hilo picha, sauti na kicheko. Sentensi yako moja ya "mambo hayaendi hivyo" haiwezi kushindana navyo.

Siku hizi nasimamisha klipu pale mguu unapovuka ukingo. Kila mmoja achore anachodhani kingetokea, wabishane, ndipo naiachia. Kisha tunahesabu fremu, yaani picha moja moja zinazounda filamu. Filamu huenda fremu 24 kwa sekunde. Mnyama akining'inia fremu 48, hizo ni sekunde 2, na tukiuacha upinzani wa hewa, kwa muda huo alipaswa kuwa ameshuka karibu mita 20. Mwisho natoa sarafu mbili: moja naisukuma itoke mezani kwa kasi, nyingine naiachia pembeni, kwa wakati mmoja. Nawaambia wafumbe macho wasikilize. Kutoka meza ya sentimita 75 ni kama sehemu nne za kumi za sekunde, na unasikika mlio mmoja, maana zinatua pamoja. Usiwaeleze kitu kabla hawajausikia mlio huo. Nawasihi.

3. Mlipuko wa katuni katika anga za mbali, kusiko na hewa: chezesha na sauti, rudia bila sauti, uliza ipi ni ya kweli na kwa nini.

4. Hakimiliki. Msiniambie "ni kwa ajili ya elimu tu". Sheria hutofautiana nchi na nchi, na kuonyesha darasani ni jambo moja, kupandisha video ya mada yako mtandaoni ni jingine. Tafuteni zenye leseni za Creative Commons, yaani ruhusa ya matumizi ambayo mwenye kazi huitoa mapema kwa watu wote, msome herufi zake: BY ni kumtaja mwenye kazi, NC ni kutofanyia biashara. Katuni ya Big Buck Bunny ya mwaka 2008 ni BY, na mle wanyama wakorofi wanamrushia sungura matunda. Hapo una somo zima la mwendo. Za kale nazo zipo. Gertie, dinosaria aliyechorwa na Winsor McCay mwaka 1914, hana tena hakimiliki Marekani. Kuna mahali anamnyanyua mamothi, yule mnyama wa kale wa jamii ya tembo, na kumtupa ziwani, ilhali dinosaria wa aina yake walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, mamothi wakaja makumi ya mamilioni ya miaka baadaye. Niliwahi kusimamisha hapo nikauliza, "Nani hapaswi kuwepo?" Ubishi ulitumalizia dakika kumi, nami niliuacha uendelee, maana walikuwa wanahesabu miaka wenyewe bila kulazimishwa.

5. Sekunde 20 zinatosha.

Kijana wa tatu nilimpigia simu jana. Alinyamaza kidogo, akauliza kama namwambia aitupe klipu yake. Nikamwambia hapana mdogo wangu, ni nzuri, isimamishe tu ukingoni. Ana mada nyingine Alhamisi. Ameshatafuta sarafu mbili.