Mfundishe Msimamizi Kuiuliza Seva Kabla Hajagusa Kompyuta ya Mtumiaji

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwafundisha wasimamizi wa mifumo kuendesha seva za barua pepe na kuziunganisha na kompyuta za watumiaji, na kosa nililolirudia kuliko mengine yote ni kuanzia somo kwenye skrini ya seva. Mwanafunzi hujifunza kufungua akaunti na kubadili nenosiri, kisha hurudi kazini akidhani amehitimu, mpaka siku mhasibu anapompigia simu na kumwambia kwamba barua hazitoki.

Niliyaona matokeo yake katika ofisi moja ya Dar es Salaam, ambako kijana niliyemfundisha mwenyewe alishinda asubuhi nzima akifuta na kuunda upya akaunti za Outlook kwenye kompyuta kumi na moja, ilhali kilichoharibika kilikuwa kimoja tu: cheti cha usalama cha seva, yaani uthibitisho wa kidijitali kwamba seva ndiyo yenyewe, kilikuwa kimeisha muda wake usiku uliotangulia. Sikuwa na haki ya kumlaumu, kwa kuwa nilimfundisha kubofya bila kumfundisha kuuliza.

Tangu hapo, somo langu la kwanza ni safari ya muunganisho wenyewe. Programu ya barua pepe huuliza DNS (mfumo unaogeuza majina kuwa anwani) anwani ya seva, hubisha hodi kwenye poti inayohusika, yaani mlango wenye namba wa huduma hiyo, hukagua kama cheti kina jina lililoitwa na kama muda wake haujapita, na ndipo hupeleka jina la mtumiaji na nenosiri. Kila hatua ina kipimo chake: amri ya nslookup kwa jina, telnet kwa poti, openssl kwa cheti, na kumbukumbu za seva kwa nenosiri. Mwanafunzi avipitie vyote kwa mkono, kwa mfuatano huo huo, hata kama anahisi tayari analijua jibu.

Jambo linalowachanganya wengi ni mtumiaji anayepokea barua lakini hawezi kutuma. Kupokea na kutuma ni njia mbili tofauti: IMAP, itifaki ya kupokea, hupita poti 993, ilhali kutuma hupita 587 au 465. Poti 25 ni ya seva kuzungumza na seva, na watoa huduma wengi wa intaneti huizuia kwa wateja wa kawaida, kwa hiyo kompyuta iliyopangwa kutumia poti hiyo inaweza kufanya kazi ofisini na kugoma nyumbani. Mwambie mtumiaji ajaribu kwa bando la simu yake. Barua zikitoka, chunguza kwanza mtandao ule uliogoma.

Wafundishe pia kusoma majibu ya SMTP (itifaki ya kutuma barua), ambayo wengi huyafunga bila kuyatazama. Namba inayoanza na 4 ina maana kwamba kikwazo ni cha muda na seva inayotuma itajaribu tena. Inayoanza na 5 ni kukataliwa, na kurudia vilevile hakusaidii. Jibu la 535 linahusu utambulisho, ingawa si lazima nenosiri liwe limekosewa: Microsoft ilipoanza kuzima uthibitishaji wa kizamani, ule wa jina na nenosiri pekee, kwenye Exchange Online, huduma yake ya barua pepe ya mtandaoni, mwezi Oktoba 2022, matoleo ya zamani ya Outlook yaliendelea kudai nenosiri lililokuwa sahihi kabisa.

Mazoezi yawe ya kuharibu. Wanafunzi wakienda kula, mimi hufunga poti 587, hukosea herufi moja ya jina kwenye DNS, au hurudisha nyuma saa ya kompyuta moja kwa miaka kadhaa, kama inavyotokea betri ndogo ya ubao mama inapokufa na cheti kisicho na kasoro kikaonekana batili. (Hili la saa huwachukua muda mrefu kuliko yote.) SPF, DKIM na DMARC, njia za kuthibitisha mtumaji wa barua, huziacha kwa siku nyingine, kwani zinahusu barua kuaminiwa huko iendako.

Kuhusu kile cheti cha ofisi ya Dar es Salaam, kilikuwa cha Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bila malipo, kilichodumu siku 90, na kilikuwa kimekwisha kuhuishwa chenyewe wiki kadhaa kabla. Faili jipya lilikuwepo kwenye diski, lakini huduma ya barua pepe haikuambiwa ilisome upya. Ndiyo maana sasa huwataka wanafunzi wakague tarehe ya cheti kupitia poti 993, kutoka kompyuta nyingine, wala si kwa kufungua faili lililo ndani ya seva.